Shaba ya Sorokina na Vislova mwaka 2012: walistahili au walibahatika?

Mwalimu_Gangilonga (Iringa)

Wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, na jioni baada ya vipindi huwa ninasimamia wanafunzi wanaocheza vinyoya, yaani badminton. Wasichana wawili wa kidato cha tatu wameelewana vizuri sana katika mchezo wa wawili wawili, lakini sasa mmoja anataka kumwacha mwenzake acheze peke yake, kwa sababu anaamini kwamba anayecheza na mwenzake hawezi kujijengea jina. Nilimtajia Valeria Sorokina wa Urusi, aliyepata medali ya shaba ya Olimpiki ya London akiwa na Nina Vislova. Akanijibu papo hapo: "Mwalimu, hao si walipewa medali baada ya wenzao kufukuzwa?" Sikutaka kubishana naye bila kuwa na habari kamili. Je, medali ile ilikuwa halali yao, au nimechagua mfano mbaya? Na je, safari ya mchezaji kama Sorokina inaweza kumfundisha nini binti wa umri wake?

Dada_wa_Uyole

Mwalimu, shikamoo. Binti yako amesikia nusu ya habari, na nusu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo usimkatalie yote.

Mashindano ya London ndiyo yaliyoleta hatua ya makundi kwenye mchezo wa wawili wawili wa Olimpiki. Jozi 16 za wanawake ziligawanywa katika makundi manne, na mbili za juu za kila kundi ndizo zilizotakiwa kuingia robo fainali. Mambo yaliharibika pale Tian Qing na Zhao Yunlei wa China walipofungwa na Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl wa Denmark, wakamaliza wa pili katika kundi lao. Wachina wenzao, Wang Xiaoli na Yu Yang, wakapiga hesabu wakaona kwamba wakiongoza kundi lao watakutana na ndugu zao kabla ya fainali, na hapo China itakuwa imejifungia njia ya kupata dhahabu na fedha kwa pamoja. Basi jioni ya tarehe 31 Julai, ndani ya Wembley Arena, wakaingia uwanjani kwa nia ya kushindwa, na Wakorea waliokuwa upande wa pili wa wavu nao hawakutaka kushinda. Wachezaji wa kiwango cha juu kabisa duniani walikuwa wakianzisha kinyoya kinaishia wavuni, na pambano refu kuliko yote la kugombea pointi moja katika mechi ile halikuzidi mapigo manne. Watu walikuwa wamelipa viingilio vyao. Wakazomea, na walikuwa na haki ya kuzomea.

Mechi iliyofuata, ya Wakorea wengine dhidi ya Greysia Polii na Meiliana Jauhari wa Indonesia, ikaenda vilevile. Mwamuzi mkuu aliinua kadi nyeusi, yaani ya kuwaondoa mashindanoni, kisha akaifuta mchezo ukaendelea. Kesho yake Shirikisho la Badminton Duniani likaziondoa jozi zote nne kwa kosa la kutojitahidi kushinda. Kwa kuwa zilitoka katika makundi mawili tu, waliokuwa nafasi ya tatu na ya nne katika makundi hayo wakapandishwa. Sorokina na Vislova walikuwa wa tatu. Wakawafunga Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini katika robo fainali, wakafungwa na Tian na Zhao katika nusu fainali, kisha tarehe 4 Agosti wakawashinda Alex Bruce na Michele Li wa Kanada kwa 21-9 na 21-10. Urusi haikuwa imewahi kupata medali ya Olimpiki katika badminton kabla ya siku hiyo.

Mzee_Tukuyu

Dada ameeleza vizuri, lakini mimi nabaki na binti. Anayemaliza wa tatu katika kundi la jozi nne ametoka mashindanoni, na kama si ule mchezo mchafu wa wengine, Warusi wangekuwa wanafunga mabegi. Tazameni hao Wakanada: walipoteza mechi zao zote tatu za makundi, na bado wakafika kugombea medali! Sisemi kwamba Sorokina alifanya kosa lolote. Ninasema medali iliyopatikana kwa njia hiyo si kipimo cha kazi ya mchezaji, na mwalimu anayeitumia kama mfano lazima ajiandae kuulizwa maswali kama hayo.

Fundi_Raketi_Mafinga

Mzee wangu, shikamoo. Ninakubaliana nawe kwamba mechi mbili za mwisho za London hazitoshi kuwa kipimo, na ndiyo maana mimi singeanzia London. Ningeanzia Manchester mwaka 2010, ambako Sorokina na Vislova walitwaa ubingwa wa Ulaya. Hapo hapakuwa na aliyefukuzwa. Jozi iliyokwisha kuwa bingwa wa bara lake miaka miwili kabla ya Olimpiki huwezi kuiita jozi iliyookotwa njiani.

Halafu mtazame kundi walilopangiwa London. Walikuwa pamoja na Wang na Yu wa China na jozi ya Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea, yaani wale wale waliokuja kuchuana nani ashindwe kwanza. Warusi waliwafunga Wakanada tangu kwenye makundi, na walipokutana nao tena kwa ajili ya shaba hawakuwaachia hata seti moja ifike pointi 11. Mlango ulifunguliwa na wengine, hilo halina ubishi. Ila jozi nne ndizo zilizopitia mlango huo, na moja tu ndiyo iliyotoka na medali.

Kuhusu hoja ya binti kwamba mchezo wa wawili wawili haujengi jina, hapo ndipo ninapotofautiana naye kabisa. Katika orodha ya ubora wa dunia, pointi za mchezo huu huhesabiwa kwa jozi. Ukiachana na mwenzako leo na kuanza na mwingine kesho, jozi yenu mpya inaanza kukusanya pointi upya, na kufuzu Olimpiki kunategemea orodha hiyo. Kwa sababu hiyo wachezaji wakubwa huvumiliana miaka mingi hata pale wanapokuwa hawaongei vizuri nje ya uwanja. Warusi wengine wawili, Vladimir Ivanov na Ivan Sozonov, walishinda mashindano makubwa ya All England mwaka 2016 baada ya kucheza pamoja kwa miaka kadhaa. Katika fainali walipoteza seti ya kwanza 21-23 mbele ya Hiroyuki Endo na Kenichi Hayakawa wa Japani, kisha wakazichukua mbili zilizofuata kwa 21-18 na 21-16. Hakuna Mrusi aliyekuwa ametwaa taji lile kabla yao. Jozi changa ikipoteza seti ya kwanza kwa tofauti ndogo namna ile, mara nyingi utaona wameanza kutazamana kwa lawama.

Na kama binti anapenda visa vya waliofukuzwa, mwambie pia kuhusu Greysia Polii. Alitolewa London kwa aibu, lakini alibaki katika mchezo wa wawili wawili, akabadilisha wenzake, na mwaka 2021 akashinda dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo pamoja na Apriyani Rahayu.

Mzee_Tukuyu

Marahaba, Fundi. Habari ya Manchester nimeipokea. Ningependa tu ijulikane kwamba waandaaji nao walikuwa na lawama yao, kwa kuweka ratiba inayompa mtu faida akishindwa. Baada ya London walibadilisha utaratibu, na droo ya mtoano ikawa inachezeshwa upya makundi yakiisha, ili mtu asijue mapema atakutana na nani.

Mwalimu_Gangilonga (Iringa)

Nawashukuru nyote. Nimebaki na jambo moja. Binti mwenyewe ana nguvu, anapiga kwa kushuka vizuri akiwa nyuma, na mwenzake ana mkono mwepesi karibu na wavu. Nikimlazimisha abaki, naogopa atacheza kwa kinyongo. Je, kuna njia ya kumpa nafasi zaidi bila kuivunja jozi?

Dada_wa_Uyole

Ipo, Mwalimu, na Sorokina mwenyewe aliitumia. Katika Olimpiki ile ile ya London alicheza pia mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke, akiwa na Alexandr Nikolaenko. Mwache binti aingie mchanganyiko na mvulana mmoja wa hapo shuleni, na acheze peke yake siku ambazo jozi haifanyi mazoezi. Kwenye mchanganyiko mara nyingi atajikuta yeye ndiye anayesimama mbele karibu na wavu, mahali ambapo mwenzake husimama sasa, na ataona kwa macho yake jinsi mkono ule mwepesi unavyomtengenezea yeye vinyoya vya kupiga.

Fundi_Raketi_Mafinga

Hapo Dada amemaliza. Mimi ningeongeza tu kwamba mazoezi ya jozi yaanze na kuanzisha kifupi na kupokea, kabla ya mapigo makubwa. Jozi inayoanzisha kinyoya kinachopita juu ya wavu kwa kimo cha juu inampa mpinzani shambulizi la bure, na hapo hata mpigaji wako mwenye nguvu atatumia jioni nzima akijilinda.