Nahamia Colorado kutoka Houston, wenyeji nipeni ushauri

Mtoto wa Tandika:
Wakuu habari za muda huu. Niko Houston miaka kadhaa sasa, mimi ni CNA (msaidizi wa manesi) kwenye nyumba ya wazee, wife anabeba maboksi ghalani, sasa shemeji yangu yuko Aurora kila siku anapiga simu njooni huku hewa safi hamna joto la kijinga wala vimbunga. Tumeshaamua, mwezi wa 11 tunahama na watoto wawili. Shida mimi mtu wa pwani, Dar usawa wa bahari, Houston usawa wa bahari, milima naijua kwenye picha. Nijuzeni kuhusu hewa, gari (nina Corolla ya kizamani), kazi na yale mambo ambayo watu hawasemi mpaka ushafika. Matusi pelekeni jukwaa la mpira.

Mama Pacha Aurora:
Karibu sana baba. Kwanza huku huishi mlimani, Denver na Aurora ni tambarare kabisa, milima unaiona kwa mbali upande wa magharibi. Ila hiyo tambarare yenyewe iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, siku za mwanzo utapanda ngazi za ghorofa ya pili unahema, kichwa kinagonga, usingizi wa mang'amung'amu. Inaisha yenyewe, kunywa maji mengi na bia punguza. Kinachochosha zaidi ni ukavu, midomo inapasuka, watoto wanatoka damu puani usiku, nunua ile mashine ya mvuke uweke chumbani na uwapake vaselini. Halafu mwambie wife anunue presha kuka, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95, maharage utachemsha mpaka ukate tamaa na bado yanagonga meno.

NaiBoy303:
Wacheni kutisha watu haha. Nairobi iko juu kuliko Denver, karibu mita 1,800, mimi nilifika sikuhisi kitu

Mama Pacha Aurora:
Sawa mkuu ila yeye katoka Tandika si Ngong

Dereva wa Masafa:
Hapo kwenye Corolla nisome vizuri. Ile I-70 ya kwenda milimani, kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31 kuna sheria ya tairi, ukikutwa na vipara ni faini hata kama siku hiyo jua linawaka. Kushuka usikae juu ya breki, weka gia ndogo kama unashuka Kitonga, utasikia harufu za breki za wenzako zinaungua njia nzima. Na bima kata kubwa, mvua ya mawe ya huku kuanzia Mei inatoboa vioo na kubonyeza bodi, ile ndogo haikulipi hata senti. Leseni ya udereva unabadilisha ndani ya siku 30, namba za gari siku 90.

Dada Nesi:
Kaka, cheti chako cha CNA cha Texas hakihami na wewe. Sisi RN, manesi wenye leseni kamili, tuna leseni ya pamoja ya majimbo, CNA hamumo, kwa hiyo omba cha Colorado kupitia DORA, ofisi ya jimbo inayotoa leseni za kazi, sasa hivi kabla hujaaga kazini. Nikuulize, hapo nyumbani kuna mwenye seli mundu au mwenye trait, yaani amerithi kwa mzazi mmoja tu, haumwi?

Mtoto wa Tandika:
Mdogo ana trait dada, daktari alisema hana tatizo. Mbona unanitia presha

Dada Nesi:
Sikutii presha, kuishi Denver na trait wengi wako salama tu. Hatari ni huko juu, mita 3,000 na kupanda, mtoto anakimbia kwenye theluji, oksijeni ndogo, bandama inaweza kuathirika ghafla. Akilalamika maumivu ubavu wa kushoto chini ya mbavu mshusheni chini haraka mumpeleke hospitali, na mseme nyie wenyewe ana trait maana daktari anaweza asiifikirie kabisa. Angekuwa na ugonjwa wenyewe ningesema ongea na daktari kabla hujapakia hata sanduku. Aurora pale Anschutz, eneo la hospitali za chuo kikuu, kuna kituo kabisa cha seli mundu.

Mzee wa Makaratasi:
Ambalo hawasemi ni bangi. Jimbo limeruhusu, maduka yapo wazi tangu 2014, lakini serikali kuu ya Marekani haijaruhusu, na uraia anatoa nani? Kama una green card usivute na usifanye kazi kwenye hayo maduka hata wakulipe vizuri vipi. Na Texas hamkatwi kodi ya jimbo kwenye mshahara, huku asilimia 4 na kitu inaondoka. Kingine, shemeji akikupa besmenti pima kwanza radoni, ni gesi inatoka ardhini haina harufu wala rangi, inaleta saratani ya mapafu, na karibu nusu ya nyumba za jimbo hili zimezidi kiwango. Kipimo ni bei ndogo tu.

Mtoto wa Tandika:
Duh, ni besmenti kweli, nampigia sasa hivi. Dereva, tairi nije kununua huko au?

Dereva wa Masafa:
Nunua huko huko zenye kashata nzuri na alama ya M+S (matope na theluji). Ukipitia Amarillo utavuka mlima pale Raton Pass, karibu mita 2,400, na mwezi wa 11 theluji inaweza kukukuta pale mpakani hata Colorado hujaingia. Angalia hali ya hewa ukiwa bado Amarillo, wakifunga njia lala hapo hapo.