Naomba ushauri: dramu ya fotokopi inatoa madoa, ninunue ipi?

Habari zenu wakuu. Nina steshenari huku Nyegezi, Mwanza, wateja wangu wengi ni wanafunzi. Mashine imeanza kutoa doa jeusi linalojirudia kila baada ya sentimita 9.4 hivi. Nimepima kwa rula: ndio mzingo kamili wa dramu (silinda inayobeba picha ya nakala na kuihamishia kwenye karatasi) yenye kipenyo cha milimita 30. Kwa hiyo shida ni dramu, siyo tona (wino wa unga).

Dramu za siku hizi si za seleniamu kama zile za zamani. Nyingi zimepakwa tabaka za kemikali za kikaboni, moja inapokea mwanga na kuzalisha chaji, nyingine inaisafirisha hadi juu. Ni nyembamba mno, mkwaruzo mdogo tu unaziharibu, hata jua. Chester Carlson, mvumbuzi wa fotokopi, mwaka 1938 alianza na bamba la zinki lililopakwa salfa, kweli tumetoka mbali.

Fundi mmoja ananishauri niweke iliyopakwa upya, bei nafuu. Mwingine anasema niagize mpya Dar. Kwa unyevunyevu huu wa ziwa na vumbi, iliyopakwa upya inadumu? Na feki mnaitambuaje kabla ya kulipa? Mitihani imekaribia, sitaki wanafunzi wasome nakala zenye madoa.