Psikodrama: igizo limeisha, uhusika haujamtoka. Tunakosea wapi?

Muulizaji: Habari wakuu. Naendesha psikodrama, tiba ya kikundi ambamo mtu huigiza tukio la maisha yake. Kikundi cha watu 9, kikao dakika 90. Igizo linakwenda vizuri, ila aliyecheza baba mkali anaondoka mzito, na mhusika mkuu, yaani mwenye kisa kinachoigizwa, akimwagiwa ushauri mwishoni anajifunga kabisa. Hatua zipangweje?

Mshauri_nasaha: Mkuu, hapo muda wa mwisho umeliwa. Moreno, mwanzilishi wa psikodrama, aliacha hatua tatu: kuamsha kikundi, igizo, kushirikishana. Kwa dakika 90 gawa 20, 40, 30, na hizo 30 usiziguse. Kushirikishana si kushauri. Kila mtu aseme igizo limemgusa wapi katika maisha yake, basi. Mwenzenu ametoka kujianika mbele ya watu. Ukimwambia "ungefanya hivi" umemweka kizimbani. Mkatishe anayeshauri papo hapo, kwa upole.

Mwongozaji: Huyo "baba" hakuvuliwa uhusika. Kabla ya kushirikishana, avue koti alilovalia igizo, ahame kiti, amtazame mhusika mkuu na kumwambia: "Mimi si baba yako, mimi ni fulani," kwa jina lake halisi. Na jukwaa liwe na mpaka. Moreno alijenga la ngazi za duara kule Beacon, New York, mwaka 1936. Mkeka unatosha, ilimradi mtu akitoka juu yake aone ametoka.

Mshauri_nasaha: Naongezea kubadilishana nafasi, maana ndiko kunakoharibika zaidi. Kumuuliza mtu aliyekaa kitini pake "baba angesema nini?" kunaleta maelezo matupu. Mwinue, akae kiti cha baba, akae kama baba. Muulize: Una miaka mingapi? Mikono unaiweka wapi? Akishasema la baba, arudi kwake, na msaidizi (mwanakikundi anayeigiza nafasi ya mtu mwingine, hapa baba) alirudie neno kwa neno, bila chumvi.

Aliyepigwa au kubakwa usimkimbize kwenye kiti cha aliyemtenda. Tumia kioo: msaidizi ashike nafasi yake, yeye akae pembeni nawe akitazama. Akianza kuduwaa, simamisha igizo. Akanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona.

Muulizaji: Nimeelewa, asanteni sana. Na aliyechaguliwa kuwa baba akikataa?

Mwongozaji: Ana haki, na usimhoji sababu mbele ya kikundi, huenda ana baba wa namna hiyo hiyo. Weka kiti kitupu, koti juu yake, muendelee.