Wasifu wa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa: rasimu ipo, lakini simwoni ndani yake

MkwewaVihiga
Hamjambo wanajamvi. Kamati ya mazishi imenikabidhi wasifu wa baba mkwe. Alikuwa mwalimu wa P1 (cheti cha ualimu wa shule ya msingi) aliyesomea chuo cha Kaimosi, mzee wa kanisa la Friends (Wakweka), baba wa watoto saba. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo nyumbani Vihiga, magharibi mwa Kenya, na mchapaji wa Nakuru anataka maandishi Jumatano. Rasimu inasema alizaliwa wilaya ya Vihiga mwaka 1949, akaanza kufundisha 1970, darasa lake likaongoza tarafa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, wa 1979, akabatizwa akiwa kijana, akastaafu 2009 akiwa na miaka 60. Zinazofuata ni sifa tupu: mcha Mungu, mpole, mkarimu. Nirekebishe nini?

Chaki_Kisumu
Poleni sana kwa msiba. Anza na tarehe, maana walimu wenzake watakaa pale wakizisikiliza, na kosa moja litawafanya watilie shaka mengine yote.

KCPE ilifanywa mara ya kwanza 1985, pamoja na ujio wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu). Mwaka 1979 mtihani ulikuwa CPE, wa darasa la saba. Vihiga nayo ilimegwa kutoka Kakamega mwaka 1990, kwa hiyo 1949 hapakuwa na wilaya ya jina hilo. Andika "alizaliwa kijiji fulani, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Vihiga", hakuna atakayepinga.

Hilo la kustaafu litazame kwa makini zaidi. Umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Aliyezaliwa 1949 alifikisha 55 mwaka 2004, na kwa kawaida aliondoka hapo. Ama mwaka wa kustaafu si huo, ama faili la mwajiri lilikuwa na mwaka mwingine wa kuzaliwa. Walimu wengi wa rika lake walikadiriwa umri walipoandikishwa shule. Msikisie. Mama atakuwa na bahasha yenye barua ya kuajiriwa, barua za uhamisho na ya kustaafu. Orodha ya shule ifuate barua za uhamisho, kwa sababu watoto hukumbuka shule walizosoma wao na kuruka zile za mwanzo.

Sifa uziondoe zote, kisha utafute matendo. Ukimuuliza mwanafunzi wake wa zamani "alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu "mzuri sana" na utabaki pale pale. Uliza kidogo kidogo: alifundishaje hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa mtoto asiyeelewa? Aliyechelewa alimwambia nini? Madaftari aliyasahihisha wapi na lini? Ukipata "kila Ijumaa alifunga madaftari ya darasa zima nyuma ya baiskeli, na Jumatatu yalirudi yote yamesahihishwa", na watu wawili wasiokaa pamoja wakalithibitisha, umepata sentensi inayotosha aya nzima ya "mwenye bidii".

KaraniWaMkutano
Nikazie upande wa imani. Friends hatubatizi kwa maji. Ukisoma "alibatizwa" mbele ya wazee wetu, wataona mwandishi hakumjua marehemu. Andika mwaka alipopokewa kuwa mshiriki, na mkutano (ndivyo Friends tunavyoita ushirika wetu) uliompokea. Karani wa mkutano wa mwezi, yaani ushirika wa eneo, ana vitabu vya kumbukumbu, kwa hiyo mwombe mapema wiki hii, usisubiri mkesha. Taja pia mkutano wa mwaka, yaani chombo kikubwa kinachounganisha mikutano hiyo, wa wakati ule: mwanzoni ulikuwa East Africa Yearly Meeting, ulioundwa 1946, na mingine ikazaliwa kutoka humo baadaye. Wengi huweka jina la leo kwa mambo ya zamani.

Kisha orodhesha kazi: mweka hazina, mwalimu wa shule ya Jumapili, mjumbe wa bodi ya shule iliyofadhiliwa na kanisa. Na fungua Biblia yake. Walimu wa zamani walipigia mistari kwa kalamu na kuandika tarehe pembeni. Mstari alioupigia mwenyewe ndio uwekwe kwenye jalada, hata kama si ule unaozoeleka mazishini.

ChapaNakuru
Kijitabu cha A5 ni A4 iliyokunjwa, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne: 8, 12 au 16. Ukileta 13 utalipia tatu tupu. Kurasa 12 ni karatasi tatu kwa nakala. Nakala 300 ni karatasi 900, yaani rimu mbili zenye akiba ya zitakazoharibika.

Picha ndizo hutuangusha. Msiipige picha kwa simu ikiwa bado kwenye fremu, kioo kitang'aa usoni. Itoeni, muiskani kwa 300 dpi (nukta kwa inchi, kipimo cha ukali wa picha), na 600 kama ni ndogo ya pasipoti. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo zitumeni kama faili.

MkwewaVihiga
Asanteni mno. Bahasha ya barua imepatikana. Jambo moja: majina ya familia yamejaza ukurasa mzima, na kuna mtoto aliyefariki mdogo. Na nani asome?

Chaki_Kisumu
Mtoto huyo atajwe katika nafasi yake ya kuzaliwa, kwa neno "aliyemtangulia". Akiachwa, Mama ndiye wa kwanza kuona. Majina yote yabaki kwenye kijitabu. Yatakayosomwa yawe ya mke, watoto na idadi ya wajukuu. Kabla ya kuchapa, mkubwa wa ukoo na mtoto mmoja kutoka kila nyumba wapitie ukurasa huo na kutia sahihi, kwa sababu ugomvi wa jina lililosahauliwa huzuka vijitabu vikishagawiwa.

Maandishi ya kusoma yasizidi maneno 700. Kwa msomaji mtulivu ni kama dakika saba, na kanisa halitawakata. Asome mjukuu mwenye sauti, mtoto mmoja asimame naye akiwa na nakala ya pili, maana huzuni hukaba koo ghafla. Herufi ziwe za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa uwe na namba, kwa sababu upepo wa uwanjani hauna adabu na karatasi.