Mkutubi kuwa WhatsApp na Facebook saa za kazi: anahudumia au anakwepa kazi?

Mleta mada (Mkutubi wa Nkuhungu):
Mbukwenyi wadau. Leteni hoja, matusi yaacheni mlangoni.

Nipo maktaba ya chuo kimoja hapa Dodoma. Kwenye kikao cha juzi tumeambiwa kwamba atakayeonekana na simu kaunta ataandikiwa barua. Nidhamu sina ugomvi nayo. Ila maswali mengi ya wasomaji siku hizi yanaingia kwenye simu hiyohiyo. Mwanafunzi kapanga Ng'ong'ona, hana nauli ya bodaboda ya kuja kuuliza tu kama kitabu kipo. Ananitumia picha ya jalada, naingia kwenye katalogi, namjibu: kipo, nakala mbili, moja haiazimwi, namba ya rafu hii hapa. Imeisha. Darasani tulifundishwa kwamba hiyo inaitwa huduma ya rejea. Akija kuuliza kwa miguu ni kazi, akiuliza kwa simu ni uzembe?

Ninachotaka ni mitandao iandikwe kwenye majukumu ya mkutubi, itengewe muda na bando. Na isiwe ya wasomaji peke yao. Mwenzetu wa Kondoa au Mpwapwa yuko peke yake na rafu zake. Akikwama kwenye Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, au akipata kitabu cha ngano za Wagogo kisichokaa vizuri popote kwenye namba za Dewey tunazopangia vitabu kwa mada, amuulize nani? Chama cha Wakutubi tunacho, lakini swali la Jumanne asubuhi halisubiri mkutano mkuu.

Halafu kuna hili. Mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za zamani Flickr. Watu wa kawaida wakaanza kuandika chini yake majina, mitaa na matukio ambayo maktaba yenyewe haikuwa nayo. Wakutubi wakahakiki, wakaongeza kwenye kumbukumbu zao. Sasa fikiria picha za Dodoma ya miaka ya 1970, CDA, mamlaka ya kuustawisha mji mkuu, ndiyo kwanza imeundwa, viwanja vinapimwa. Wazee wa mitaa ya Kikuyu na Majengo bado wapo wa kutuambia yule mwenye kofia ni nani. Tukichelewa tutabaki na picha zisizo na majina.

Kijana wa Mtumba:
Bando la nani? Jibu hilo kwanza.

Bibi Katalogi:
Mwanangu wa Nkuhungu, mimi nimestaafu, sina wa kuniandikia barua, kwa hiyo nitasema. Picha za wazee sawa, nakuunga mkono. Kwenye magrupu hapo ndipo tunapoachana.

Enzi zetu mzazi alikuja kaunta kuuliza binti yake anaazima vitabu gani. Tulimkaribisha kiti, tukamwambia hilo hatulitoi. Alifoka mpaka basi, na hatukulitoa. Leo naona grupu la maktaba lina watu zaidi ya mia mbili, namba za simu za kila mtu zinaonekana, na mtu anauliza humo kitabu cha ugonjwa fulani au cha talaka. Hapo ameazima kitabu mbele ya mji mzima. Kibaya zaidi, nilionyeshwa orodha ya wadaiwa wa vitabu imebandikwa kwenye grupu: majina kamili, namba za usajili, kiasi cha faini. Aliyeibandika ni mkutubi, tena mwenye cheti! Kanuni za maadili za IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, za 2012 zinasema faragha ya msomaji ilindwe, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtandao mmeujua, hayo hamtaki kuyajua.

Mwalimu wa Kibaigwa:
Shikamoo Bibi. Mimi si mkutubi wa kusomea, ni mwalimu niliyekabidhiwa chumba cha vitabu pamoja na ufunguo wake. Kwa mtu kama mimi magrupu ndiyo chuo. Kupanga rafu nimejifunzia humo, kugonga mihuri humo, hata kubandua gamba la nailoni bila kuchana jalada nilifundishwa kwa video na dada mmoja ambaye sijawahi kumwona.

Lakini kuna jambo linanikera. Kila grupu la maktaba baada ya muda linageuka gulio la PDF. "Wakuu, mwenye kitabu fulani anirushie." Kinarushwa kizima, na mwandishi wake ni Mtanzania anayeuza nakala zake mkononi pale Dodoma mjini. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999. Mkutubi akiwa admini wa grupu la namna hiyo, kesho COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wakimuuliza atasema alikuwa anatoa huduma?

Rafu Namba 300:
Mnabishania magrupu, mimi naangalia mwenye nyumba. Mei 2025 mtandao wa X, zamani Twitter, ulizimwa nchini. Oktoba mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti yenyewe ikazimwa siku kadhaa. Maktaba iliyohamishia matangazo yake yote huko ilikuwa na nini mkononi? Hata hao Wamarekani: 2010 walitangaza watahifadhi kila ujumbe wa wazi wa Twitter, ilipofika Januari 2018 wakaanza kuchagua machache tu, mzigo ulikuwa umewazidi. Tangazo liende Facebook, sawa, ila na ubao wa mlangoni ubaki.

Mleta mada:
Ubao haujaondolewa na mtu, mkuu. Kuhusu PDF, Mwalimu, admini anafuta na anaonya, akirudia anatolewa. Nafanya hivyo na nimeshachukiwa vya kutosha.

Bibi, shikamoo. Orodha ya wadaiwa siitetei hata kidogo. Ila naomba tutenganishe. Grupu liwe la matangazo tu: saa za kufungua, vitabu vipya, mafunzo ya kutafuta majarida. Swali la msomaji lije kwa namba moja ya maktaba, mtu na mkutubi wake, na mazungumzo yafutwe kila mwisho wa muhula. Faragha hiyo ni kubwa kuliko ya kaunta yetu, ambako anayesubiri nyuma anasikia kila neno. Na bando, Kijana wa Mtumba, litoke fungu lilelile linalolipia simu ya mezani isiyopigwa na mtu.

Bibi Katalogi:
Marahaba. Namba ya maktaba, siyo yako? Hapo nasikiliza. Nani atahakikisha yanafutwa?

Aliyehamishwa:
Nimesoma yote. Kabla hamjaandika huo mpango kazi nisikilizeni. Nilifungua ukurasa wa Facebook wa maktaba moja ya mkoa jirani, kwa barua pepe yangu na simu yangu, kwa sababu ofisi haikuwa na vyote viwili. Ukakua vizuri. Ikaja barua ya uhamisho. Niliomba nipewe mtu wa kumkabidhi nywila, nikaambiwa "acha tu, tutaona". Mpaka leo watu wanauliza pale kama Jumamosi kuko wazi, na ujumbe unaingia kwenye simu yangu nikiwa wilaya nyingine. Nikijibu naingilia ofisi ya watu, nikinyamaza msomaji anaona maktaba haina adabu.

Kwa hiyo Nkuhungu, hiyo laini ya maktaba unayoisema imesajiliwa kwa jina la taasisi, au kwa kitambulisho chako cha NIDA?

Mleta mada:
Kwa sasa, NIDA yangu.

Kijana wa Mtumba:
Ndiyo maana niliuliza bando la nani.