Insha ya kuombea chuo Marekani: aya zangu haziungani, nifanyeje?

MwanaKibirizi (Kigoma)
Habari za humu wakuu. Nimemaliza form six, naomba vyuo vya Marekani kupitia Common App (ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja), na huku kwetu tumezoea chuo kinaangalia matokeo tu, sasa hii insha yao isiyozidi maneno 650 inanitesa. Nimeandika mama anavyoanika dagaa hapa Kibirizi, halafu klabu ya sayansi shuleni, halafu kwa nini nataka uhandisi. Dada mmoja kaisoma, anasema kila aya iko poa ila haziungani. Nimejaza moreover na furthermore bado anasema vilevile. Msaada jamani.

DadaWaTabora
Pole mdogo wangu. Hayo maneno toa kwanza, kiunganishi kinaonyesha uhusiano uliopo tayari, hakiuleti. Jaribu kuhamisha aya ya pili iende ya tatu, kama hakiharibiki kitu ujue hazitegemeani. Mama anaanika mchangani au kwenye kichanja? Mvua ikija inakuwaje? Toa swali hapo kwenye dagaa uende nalo klabuni.

MzeeWaIsevya
Huo aliosema dada ni muwala, yaani mawazo kushikana. Kuna na upande wa lugha: anza sentensi na kitu msomaji ameshakijua, kipya kiweke mwishoni, inayofuata ikidake hicho kipya. Na kurudia neno usiogope!! Vijana wanaambiwa wasirudie, basi dagaa anageuka samaki, mara kitoweo, mara bidhaa, msomaji anadhani ni vitu vinne tofauti. Wanaisimu Halliday na Hasan waliliandika tangu 1976, kurudia neno ni moja ya vitu vinavyoshikanisha maandishi.

MwanaKibirizi
Shikamoo mzee, asante dada. Zamani alianika mchangani, mvua ikinyesha wanaoza, ndo tukajenga kichanja cha mbao na nyavu. Na klabuni nilikuwa napima dagaa wa mchangani na wa kichanjani wapi wanakauka haraka, hilo hata sikuliandika, niliandika tu nilikuwa katibu. Sasa aya ya klabu nimeianza na kichanja. Ila ya uhandisi bado inaning'inia, niikate?

DadaWaTabora
Usikate, fupisha. Usiseme unapenda uhandisi, sema kile kichanja kina tatizo gani hujaliweza mpaka leo, uhandisi utaingia wenyewe. Ukimaliza msimulie mama insha yote kwa Kiswahili, akikuuliza "imekuwaje tena?" hapo ndo pamekatika.