Mjadala: Mhudumu wa afya abishe hodi kwa kila mwenye kichanga, au kwa wenye shida tu?

Mpiga Hodi: Bajeti ya kutembelea familia zenye watoto wachanga haitoshi popote. Je, igawiwe kaya zote, au iende kwa maskini na mama wenye umri mdogo tu? Mimi nasema zote. Fomu za kuchuja walengwa huuliza kipato, umri na elimu. Hazimwoni mama mwenye maisha mazuri ambaye hajalala siku nne na anaogopa kubaki peke yake na mtoto. Tena kuna aibu: mhudumu akishajulikana kuwa huenda kwa "wenye matatizo", watu hawamfungulii mlango.

Daftari: Mkuu, tupige hesabu kwanza. Chukua ziara nne kwa siku, siku nne kwa wiki, siku ya tano ya kuandika kumbukumbu na kufuatilia rufaa. Ni ziara 16. Kwa wiki 44 za kazi, ukimpa kila mtu ziara tatu, unafikia familia 234 hivi. Ukitaka kwenda kila wiki, unabaki na familia 16. Na matokeo makubwa yametokana na kurudi rudi. Kingston, Jamaika, miaka ya 1980, jaribio lilihusu watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mama akionyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vifaa vya kujitengenezea. Walipofika umri wa miaka 22, kipato chao kilizidi cha wenzao kwa asilimia 25 hivi. Ziara tatu hazifiki huko.

Mkunga wa Zamu: Daftari, umechanganya kazi mbili. Ziara za mwanzo hazilei akili ya mtoto, zinaokoa uhai. Mwongozo wa WHO wa 2022 unataka, baada ya saa 24 za kwanza, mama na mtoto waonwe mara tatu tena: saa 48 hadi 72, siku ya 7 hadi 14, na wiki ya sita. Unatafuta umanjano uliofika viganjani na nyayoni, wekundu unaosambaa kuzunguka kitovu, mtoto anayenyonya lakini husikii akimeza, mama anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Haya hayaulizi kipato. Hodi ya kwanza ikipigwa wiki ya tatu, hatari kubwa zaidi imeshapita, kwa heri au kwa shari.

Afisa Ustawi: Niongeze la sonona ya mama baada ya kujifungua. Kipimo chake kiitwacho cha Edinburgh kina maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, alama 0 hadi 30. Kinaharibiwa na kitu kidogo: kumsomea mama maswali mkwewe akiwa amekaa pembeni. Atajibu yuko salama. Mpe ajaze mwenyewe, faragha. Swali la 10 ni la kujidhuru, na jibu lolote lisilo "kamwe" linashughulikiwa siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa alama 4. Kama hakuna pa kumpeleka, usianze kupima.

Mpiga Hodi: Na tazameni England, ambako familia zote zina ratiba ya kuonwa mara tano, kuanzia ujauzito. Walipoongeza ziara nyingi za wauguzi kwa mama vijana, jaribio lililochapishwa 2015 halikuona nafuu ya ziada.

Daftari: Kwa vigezo vikuu vya jaribio hilo, sawa: uvutaji sigara, uzito wa kuzaliwa, mimba nyingine ndani ya miezi 24, kwenda hospitali kwa dharura. Kuchangamsha akili ya mtoto, kama kule Jamaika, hakukuwamo. Ila Mkunga amenisogeza kidogo. Tutenge nafasi 10 za wiki kwa wote: ni ziara 440 kwa mwaka, tatu kwa kila familia, familia 146 hivi. Zinabaki nafasi sita za kutembelewa kila wiki. Sita kati ya 146! Nani anamwambia wa saba kwamba amekosa?

Afisa Ustawi: Wa saba aingie, wote watembelewe kila baada ya wiki mbili. Wanakuwa 12.

Daftari: Jamaika hiyo hiyo walishalipima hilo, matokeo yakatoka 1989. Ziara za kila wiki zilisaidia sana, za kila wiki mbili kidogo, na waliotembelewa mara moja kwa mwezi hawakutofautiana na wasiotembelewa. Kwa hiyo 12 ndiyo mwisho, na hata hao unawapa nusu dozi.